Dakika Tano Majini

Mkaguzi alipita mara mbili mbele ya kamba yenye majaketi okozi thelathini, kisha akachomoa moja la katikati.

"Hili."

Mawili mazima yalikuwa yametundikwa mwanzoni, usawa wa macho. Hakuyagusa. Fundi cherehani, aliyesimama mlangoni pa stoo na nyuzi zimemganda kwenye sketi, aliutambua mshono wake wa wiki iliyopita. Ndani ya jaketi lile hamkuwa na povu gumu la kuelea. Mlikuwa na sponji ya godoro, iliyoletwa na shemeji yake, mwenye kampuni ya kuteremsha watalii mtoni. Fundi alikuwa ameifunga kwa mifuko ya plastiki ili isinywe maji haraka, kisha akashona juu yake. Kila sindano iliposhuka, ilitoboa plastiki.

"Nani ataingia nalo majini?" mkaguzi aliuliza. "Kanuni inataka mtu."

"Waongozaji wako juu, wanajaza tyubu upepo," shemeji alisema. "Wageni wanashuka mtoni saa nne."

"Basi aliyeshona. Au fundi anaogopa kazi yake?"

"Huyu anaogopa hata kuoga." Shemeji alicheka peke yake. Kisha akamgeukia. "Vaa, shemeji. Mama yako yuko ndani, anatusikia."

Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma ya stoo, walichoachiwa tangu mume wa fundi afariki. Mara tatu mwaka huu shemeji alikuwa amewaambia jinsi wapangaji wanavyokiulizia.

"Sijui kuogelea, mheshimiwa."

"Ndiyo kazi ya jaketi, mama."

Aliingia mtoni kinyumenyume, ameshika jiwe, mpaka jiwe likaisha. Jaketi lilimbeba. Mkaguzi alibonyeza simu yake.

Dakika ya kwanza maji yalimfika kwapani. Dakika ya pili alisikia ubaridi ukipenya ubavuni, pale alipokuwa amerudia mshono ili uwe imara. Ya tatu, mabega yalizama.

"Shemeji, linavuta maji."

"Funga mdomo, utayameza."

Ya nne, kidevu. Aliacha kupiga miguu kwa sababu kila pigo lilimshusha. Mkaguzi alitazama simu, akamtazama yeye, akarudi kwenye simu.

"Tano. Pua iko juu," alisema, akiandika.

Walimvuta kwa kasia. Ilibidi shemeji ashike jaketi kwa mikono miwili kulivua, na lilipotua kwenye mwamba lilichuruzika kwa mistari mirefu, kufuata mishono. Wote watatu waliyatazama maji hayo.

"Ni sponji," fundi alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Ishirini na nane yote ni sponji. Na wageni wanakaa mtoni kwa saa mbili."

Mkaguzi alifungua ukurasa mwingine, bila haraka.

"Kanuni inasema dakika tano, mama. Ingesema saa mbili, ningekaa hapa saa mbili." Alilamba kidole. "Ila umefanya vizuri kusema. Kuna sehemu ya mtengenezaji." Aliandika huku akisoma kwa sauti: "Mtengenezaji anakiri kuwa anavijua vifaa alivyotumia. Weka sahihi hapo."

"Aliyevinunua je?"

"Mwenye kampuni sehemu yake ni leseni tu. Nayo iko sawa."

"Weka, shemeji," mwenye kampuni alisema kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha. "Mheshimiwa ana safari."

Karatasi ililowa pale mkono wake ulipogusa.

Mkaguzi alimwachia bahasha ya lebo za kitambaa zenye nembo ya serikali na neno moja: IMEKAGULIWA. Zishonwe kabla ya wageni kuingia majini. Lakini wageni walikuwa wameshafika, wameshavaa, wanapigana picha. Muda wa cherehani haukuwepo. Shemeji alimtungia uzi, akamsimamia mgongoni.

Alianza na mwanamke mnene mwenye kofia, aliyegeuka na kuinua mkono ili kumpa nafasi.

"Usinichome, fundi," mwanamke alisema, akicheka.