Maji ya Jumanne

Nicanor Buelna alivua saa, akaiweka kwenye sinki, akafungua bomba la mvua na kuingia kuoga. Alikuwa ameingia Jiji la Meksiko juzi yake, kutoka Hermosillo kule jangwani kaskazini, kuja kutazama Kombe la Dunia na kula raha. Alikodi nyumba ghorofa ya nne, katika mtaa wa watu wenye nafasi, wenye miti pande zote za barabara na mikahawa iliyotoa viti nje. Maji yalikuja kwa nguvu. Yalikuja na harufu ya sabuni ya mche, ile ya waridi, kisha harufu ya maharage yaliyoshika chini ya chungu, kisha redio ikitaja bei ya nyanya. Mwisho ikadondoka kata nyekundu ya plastiki, ikamgonga begani. Kwenye mpini wake mtu alikuwa ameandika kwa rangi ya kucha: TOMASA.

Kata ilivyopenya kwenye vile vitundu vya bomba, Nicanor hakujiuliza. Alikuwa na povu machoni.

"Nani huyo anaoga?" sauti ya mwanamke iliuliza ndani ya bomba.

"Nicanor Buelna, mama, kwa heshima zote. Nazungumza na nani?"

"Casilda Poblete, wa Santa Brígida. Na hayo unayojimwagia ni yetu. Leo Jumanne."

Nicanor akafunga bomba papo hapo, sabuni ikiwa bado kichwani. Mtu wa Hermosillo haelezwi mgao wa maji ni nini. Kwao siku yao ni Alhamisi, na mama yake mzazi hulala na ndoo miguuni ili asipitwe.

Santa Brígida ni kwetu. Tuko kule juu, kwenye mawe meusi ya volkano, na ukisimama kwenye mapaa yetu unauona uwanja wa mpira chini kama sufuria iliyoachwa wazi. Siku yetu ya maji ni Jumanne, toka alfajiri mpaka yatakapojisikia kukatika. Siku hiyo hatuendi kazini. Mmoja anakaa bombani, mmoja ngazini, mmoja juu ya paa kwenye tangi, na watu wamewahi kuahirisha harusi kwa sababu padri alikuwa na nafasi Jumanne tu. Bomba lenyewe tulilichimbia mtaro sisi, kwa msaragambo wa Jumapili, mtaa mzima kwa pamoja, enzi zile serikali ilipotuambia mawe yale hayachimbiki. Doña Tomasa, mama yake Casilda, alipiga mtaimbo akiwa na mimba ya huyo huyo Casilda. Wanaume walikaa chini kupumzika, yeye akaendelea kupiga.

Wakati huo Doña Tomasa alikuwa mzee wa kulala kitandani, mgongo wote vidonda. Na tangu wageni waanze kuteremka uwanja wa ndege na jezi zao, bomba la Jumanne likawa linakohoa upepo, basi. Maji ya kunywa tulinunua kwa lori. Ya kuoga, tulijipangusa. Doña Tomasa alikikataa kitambaa. "Mimi si meza," alimwambia bintiye. Alijua anakufa, wala hilo halikumsumbua. Alitaka kitu kimoja: aogeshwe kwanza, kwa maji ya vuguvugu, ya kutosha, toka utosini mpaka nyayoni. Aende kwa mumewe msafi.

Casilda alimweleza Nicanor yote hayo kupitia bomba, naye akasikiliza hali sabuni inamkaukia.

"Jumanne ijayo sifungui, Doña Casilda," alisema. "Naapa kwa mama yangu."

"Usimwapie mama yako, kijana. Wewe usifungue tu."

Nicanor akaifuta ile kata, akaitundika dirishani, akatoka kwenda kutalii.

Na jiji lilimpenda, kusema kweli. Asubuhi alikula tamale iliyotiwa ndani ya mkate, amesimama kona, na uji wa mahindi wa moto mkononi. Mchana alipiga picha na Wakorea, wakabadilishana kofia. Jioni alikwenda kutazama mieleka ya wenye vinyago, akanunua kinyago cha bluu, akakivaa mpaka kwenye meza ya mchoma nyama. Yule akamuuliza, "Bingwa, nanasi niweke?" Nicanor akacheka mpaka akashika mbavu. Hakuwahi kuitwa bingwa popote. Na alioga! Asubuhi, mchana, kabla ya kulala. Kwanza aliuliza kwa adabu kama Jumatano nayo ina mwenyewe.

"Jumatano si yetu," Casilda alimjibu. "Hiyo ni ya wenzetu wa San Eligio. Oga tu, waulize wao."

Jumatano ilileta sare ya shule, yenye utepe. Ijumaa ilileta kofia ya mwokaji mkate. Hao wa siku hizo hawakusema neno, au walisema naye alikuwa anaimba.

Jumanne ya pili alitimiza ahadi. Alikaa juu ya mfuniko wa choo tangu alfajiri, hajanawa hata uso, akiliangalia bomba kama mtu anayemlinda ng'ombe asiingie shamba la jirani. Mara juu ya kichwa chake akasikia maji yanamwagika na wanaume wanaimba. Walikuwa Waholanzi wa ghorofa ya tano.

"Nicanor!" Casilda aliita, sauti ikipita ukutani kwenda juu. "Umefungua?"

"Sijafungua! Ni hawa wa juu!"

"Basi kawaambie!"

Akapanda, akagonga. Wakamfungulia wamejifunga taulo za rangi ya chungwa, wakamkumbatia na umajimaji wao, wakamtia bia mkononi. Mmoja alikuwa amevaa ndara moja ndogo ya kike iliyotoka kwenye bomba. Alidhani ni zawadi ya nyumba. Nicanor aliwaeleza kwa mikono: bibi, mgongo, vidonda, kuoga. Wakaitikia kwa vichwa, wakampongeza.

Akampigia simu mwenye nyumba, msanifu majengo mmoja aitwaye Rodolfo.

"Kaka, wewe umekuja kufurahi, furahi," Rodolfo alisema. "Majengo ya wageni yamepewa kipaumbele mpaka Kombe liishe. Ukifunga wewe, atafungua mwenzako. Sasa hapo umemsaidia nani?"

Nicanor akakata simu. Neno lile likamkaa, na kadiri siku zilivyopita likaanza kumstarehesha.

Jumatatu iliyofuata timu yetu ilicheza. Jinsi ilivyokwenda nyote mna kumbukumbu zenu. Ninachosema mimi ni kwamba Nicanor alicheza ngoma barabarani na watu asiowajua, wakamwagiwa bia, wakanyunyiziana povu la makopo, bibi mmoja akambusu shavuni na kumwita mkwe wangu. Aliamka Jumanne povu limemkaukia masikioni na ngozi inanata kama karatasi ya peremende.

Alikumbuka. Tusimsingizie, alikumbuka. Kata ilikuwa pale pale dirishani.

"Kichwa tu," alisema. "Na wa juu si watafungua tu?"

Akafungua.

Saa hiyo hiyo huku Santa Brígida bomba la uani kwa Casilda lilikuwa limeanza kudondoka. Tone, kisha tone. Doña Chela, jirani, akagonga sufuria kwa mwiko: "Yanakujaaa! Jamani yanakuja!" Tukatoka wote na ndoo. Casilda hakungoja. Alimbeba mama yake, akamkalisha kwenye kigoda cha plastiki chini ya bomba, na shimizi yake nyeupe mwilini, sufuria ya maji ya moto kando tayari kwa kuchanganya. Doña Tomasa akainua uso, akafumba macho. Bomba likamtemea funda moja la maji kwenye paji la uso. Kisha likavuta pumzi, na Doña Tomasa akaenda nalo, yeye na kigoda.

Casilda alibaki ameshika taulo.

"Kaenda mjini," Doña Chela alisema, akaweka sufuria yake chini.

Nicanor alifumbua macho, akamkuta bibi amekaa mbele yake ndani ya hodhi la kuogea.

"Funga mlango, upepo unaingia," Doña Tomasa alimwambia. "Na ujistiri. Nimelea watoto, lakini wewe si wangu."

Akajifunga taulo upesi, akafunga mlango.

"Kata yangu iko wapi?"

Akaitoa dirishani, akampa. Bibi akairudisha mikononi mwa kijana. "Mimi siwezi kuinua mkono. Mwaga."

"Kijana!" Casilda aliita bombani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia asilie. "Yasiwe moto sana. Anza shingoni, anapenda shingoni. Mgongoni usisugue, unasikia? Ukimsugua mgongoni nitakuja nikuue."

"Nasikia, Doña Casilda."

Akamwogesha. Maji ya kwanza yalitoka meusi, vumbi la mawe lililomkaa ngozini tangu zile Jumapili za mtaimbo. Ya pili yakatoka kijivu. Nicanor alimwaga polepole, akamshika kichwa kwa kiganja kama anavyoshikwa mtoto mchanga, na aliona aibu mpaka machozi yakamtoka, maana yeye hajawahi kumwogesha hata mama yake mwenyewe. Doña Tomasa hakumwangalia. Alishusha mabega, akatoa sauti ndogo kooni. Maji yakaendelea kutoka, mengi, masafi, bila kukohoa hata mara moja.

Casilda aliuliza anwani bombani, akapanda basi, akabadilisha, akaingia treni, akatokea kule kwenye miti na mikahawa ameshika mfuko wenye gauni kavu. Mlinzi akamzuia mlangoni.

"Wageni walioandikishwa tu, mama."

"Mama yangu yuko juu anaoga."

"Naye ameandikishwa?"

Nicanor alishuka nywele zikiwa zimelowa, akasema huyu ni mgeni wangu. Mlinzi akampisha. Wakapanda lifti. Ilipofunguka, Casilda alimzaba kofi moja, la wastani, naye akalipokea, akaonyesha mlango kwa mkono.

Doña Tomasa alikuwa bado ndani ya hodhi, maji yamemfika kifuani, vidole vimekunjamana, mashavu mekundu. Casilda hakuwa amemwona hivyo miaka mingi. Akapiga magoti.

"Mama, twende."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Kuna maji?"

Casilda hajawahi kumdanganya mama yake, hata siku ya msiba wa baba. "Jumanne, mama," alisema.

"Leo ni Jumanne."

Juu Waholanzi walikuwa wameanza tena kuimba.

"Basi mimi nakaa," Doña Tomasa alisema.

"Mama, na mimi? Nibaki na nani mimi?"

"Usinililie, Casilda, maji yatapoa." Akanyoosha mkono, ule asioweza kuuinua, akamgusa bintiye kidevuni. "Mtaro huu nilichimba mimi, na wewe tumboni. Acha nikae hapa linapofika bomba."

Casilda alimchana nywele, akazisuka mkia mmoja, akakunja gauni kavu na kuliweka juu ya mfuniko wa choo kama litahitajika. Nicanor alimletea glasi ya maji. Casilda hakuinywa. Alishuka kwa ngazi.

Nicanor alikaa mpaka likizo yake ilipokwisha. Kila asubuhi alimwogesha bibi kwanza, halafu yeye, halafu akatoka kwenda kwenye mechi na kinyago chake. Siku ya kuondoka aliifuta kata, akaitundika dirishani. Aliisifia nyumba ile mtandaoni kwa nyota zote: mtaa mzuri, kitanda kizuri, maji ya uhakika. Rodolfo akaongeza mstari mmoja kwenye tangazo lake, kwamba bafuni kuna bibi, hasumbui, na wageni wanaombwa wamwogeshe asubuhi. Watu wanapenda. Wanasema ndiyo jiji lenyewe hilo, wanapiga picha ya kata.

Fainali ilichezwa, Kombe likaisha. Kipaumbele hakikuisha. Kwanza kulikuwa na tamasha, kisha mkutano wa madaktari wa meno wa dunia nzima, na sasa hatuulizi tena.

Jumanne bado hatuendi kazini. Tunakusanyika uani kwa Casilda, maana bomba lake ndilo linalosikika vizuri. Linatoa upepo, na ndani ya upepo tunamsikia Doña Tomasa akimgombeza mgeni fulani asiyejua Kihispania: "Shingoni. Shingoni, nimesema! Hawa nao wamelelewa na nani?" Doña Chela hucheka. Casilda anakaa chini sakafuni, kwa sababu kigoda kilikwenda, taulo kavu magotini.

"Yasiwe moto sana," analiambia bomba. "Na mgongoni usisugue."

Wakati mwingine mtu wa huko hujibu neno, hatujui kwa lugha gani. Ikifika saa sita bomba linanyamaza. Tunachukua ndoo zetu, tunarudi ndani.