Boga Lenye Baka

Wiki mbili kabla ya Halowini, sikukuu ya maboga na mavazi ya kuigiza, niliwasomea watoto wangu wa darasa la kwanza kitabu cha picha juu ya boga lenye baka. Shambani hakuna anayelitaka, mpaka msichana mmoja analibeba nyumbani, analichonga mdomo wa kucheka na kuliwashia mshumaa ndani, na maboga mengine yanakubali kukaa nalo barazani. Nilikichagua kwa ajili ya Petra Zelenko. Nusu ya uso wake ina alama nyekundu ya kuzaliwa, na tangu shule ifunguliwe alikuwa akila peke yake.

Sikumtaja. Nilipofunga kitabu, Hadley Brandt akanyoosha mkono.

"Mwalimu, boga ni Petra, eti?"

Kesho yake wote walimwita Boga, kwa upole kabisa. "Boga, njoo ukae na sisi. Mwalimu kasema tukukubali."

Bibi yake alikuja jioni hiyohiyo, hakuvua hata koti.

"Mjukuu wangu ana jina."

"Nilitaka wawe marafiki zake, Bi Zelenko."

"Umewafundisha kumvumilia, tena wasifiwe kwa kumvumilia. Yeye umemfundisha nini?"

Akasema Petra hatakanyaga kwenye gwaride la Halowini. Lakini Petra alimbembeleza wiki nzima mpaka akalegea. Alitaka kuvaa kama mtu wa posta. Aliniambia ameandika barua kumi na tisa, kila mwenzake na yake.

"Na ya ishirini ni yako, Mwalimu."

Shule yetu hairuhusu vinyago, ila rangi ya uso inaruhusiwa. Siku ya gwaride akina mama walikuja mchana kuwavisha watoto. Niliporudi kutoka ofisini nilimkuta Bi Brandt, mama yake Hadley, kwenye sinki, akiwa na sifongo na kopo la rangi nyekundu. Ningeweza kuuliza. Nilimwogopa, kama siku zote, nikajifanya natafuta pini.

Nilipogeuka, wachawi, maharamia na mzimamoto mmoja walikuwa wamepakwa nyekundu nusu ya uso. Upande uleule wa Petra.

"Kitabu chako ndicho kilichotupa wazo," Bi Brandt alisema, simu tayari mkononi kupiga picha. "Asijione yuko peke yake."

Petra akaingia na bibi yake, kofia ya posta kichwani, mfuko begani. Akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

"Tumefanana na wewe, Boga," Hadley alisema.

"Nyinyi mtanawa," Petra akajibu.

Nilichukua tishu za maji nikaanza kumfuta Hadley shavu. Bi Brandt akanidaka mkono.

"Mwache mwanangu."

"Rangi itoke kwanza, ndipo waende."

"Si wewe uliyewasomea? Leo unatugeuka mbele ya watoto? Mkuu wa shule atalisikia hili."

"Alisikie."

Nikaendelea kufuta kwa mkono mwingine. Hadley akalia. Mama mmoja akasema nina wazimu, na wenzake wakawaswaga watoto uani, ambako muziki ulishaanza.

"Funga vifungo vya koti, Petra," Bi Zelenko alisema. Kisha akanigeukia. "Umechelewa, Mwalimu."

Petra alifungua mfuko, akapekua bahasha, akachomoa moja. Akamtazama Hadley, ambaye maji mekundu yalikuwa yakimchuruzika shingoni. Akairudisha bahasha na kuufunga mfuko.

Dirishani niliwaona watoto wakizunguka uwanja, wazazi wakiwapigia makofi. Petra alikuwa akielekea upande wa magari, mkono mmoja kwa bibi yake, mwingine juu ya mfuko.

Jumatatu alirudi bila mfuko. Nilimwita kwa jina lake, akaitika. Mchana akala peke yake.

Barua yangu sijaipata mpaka leo.