Viatu vya Kwendea Mji Mkuu

Wizara ilikuwa inahama mwezi wa sita. Haikuwa tetesi tena. Karatasi yenye mhuri ilibandikwa langoni, na kibanda changu cha viatu kinatazamana na lango hilo mwaka wa kumi na saba sasa. Kila anayepanda ngazi zile, viatu vyake vimepita mikononi mwangu. Wakiondoka wao, ningebaki na mlinzi peke yake, na mlinzi huvaa buti za mpira.

Mimi nilishaamua: tunahama nao. Kilichobaki ni mke wangu. Alisema hanunui mbuzi kwenye gunia. Kuhama peke yangu nisingeweza, maana hata chumvi sijui inakaa kabati gani. Nikamwambia sawa, Jumamosi tunakwenda kuuona huo mji mkuu mpya, tunakwenda asubuhi na kurudi jioni. Kaka yake hupeleka saruji kule kila wiki kwa lori, na mbele kuna nafasi ya watu watatu. Huyo kaka tunamwita Breki, kwa sababu ukikaa naye dakika tano atakueleza habari za breki zake.

"Mji wenyewe bado unajengwa," mke wangu alisema. "Tutaona nini, kokoto?"

"Mimi naujua ule mji."

"Umefika lini?"

"Sijafika. Nimeona viatu."

Sikuwa natania. Nina mteja mmoja, karani wa mafaili, aliyetangulizwa kule kupokea makabati. Kila baada ya wiki mbili hurudi, na viatu vyake huja kwangu kabla yeye hajafika kwa mkewe. Soli hazijui kudanganya. Udongo wa kule ni mwekundu na unanata. Barabara ya kuingia wizarani haijawekwa lami, kwa kuwa kokoto zimemkwama kwenye kisigino. Mbele ya jengo wanamwaga zege, maana nimewahi kubandua kipande kilichogandia kiatuni mwake, nikakiweka mlangoni kuzuia upepo.

"Na lifti hazijafungwa," nilimwambia mke wangu. "Ncha zote zimechubuka. Yule mtu anapanda ngazi kutwa."

"Kiatu kinasema maji ya bomba yapo?"

"Kiatu hakinywi maji."

"Basi mwambie Karani safari nyingine aje na ndoo yake, uisome."

Hivyo ndivyo anavyoongea, bila hata kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Jumatano jioni nikapanga safari sawasawa. Nilichukua kifuniko cha boksi la viatu nikaandika kila kitu. Breki atupitie alfajiri, saa kumi na moja. Tukifika, kwanza lango la wizara, nione kibanda kitakaa upande gani ili jua la mchana lisinipige. Kisha nimtafute Karani anionyeshe njia wanayopita wafanyakazi kwa miguu. Kisha choo cha karibu, kwa sababu fundi anayekwenda mbali kujisaidia hupoteza wateja. Kisha chumba cha kupanga. Chini kabisa niliandika mizigo ya siku ya kuhama: vitanda, masufuria, cherehani. Nikajaza kifuniko hadi pembeni.

Breki alikuwa amekuja kunywa chai. Alikisoma akatikisa kichwa. "Shemeji, hapa hujaandika kuhusu ule mteremko wa daraja. Pale bila breki nzuri..."

"Breki ni zako, wewe ziandike kwako."

Mke wangu akakichukua. Alikisoma polepole, akakigeuza, akaona nyuma ni kweupe, akakigeuza tena.

"Umepanga vizuri," alisema. "Umepanga kila kitu."

"Nimekwambia."

"Lakini mimi siendi."

"Huendi kwa nini?"

"Sina viatu."

Nilicheka. Breki hakucheka. Yeye anamjua dada yake tangu mdogo.

"Viatu vyangu vya kufunga viko kwako," mke wangu akaendelea, sauti ile ile ya kuulizia vitunguu. "Nilikuletea mwenyewe kibandani. Ukasema kesho. Ilikuwa kabla ya mvua za mwaka jana. Miezi minane sasa nashinda na ndala."

"Haiwezekani."

"Mimi si mtu wa wizara, najua. Sina haraka. Lakini kwenda kuuona mji mkuu na ndala, niulizwe mume wangu anafanya kazi gani, hapana. Viatu visipopatikana, nendeni nyinyi. Na habari ya kuhama pia mtakuwa mmeimaliza nyinyi."

Breki akamwaga chai kidogo akijaribu kuficha kicheko. "Kinyozi hajinyoi," alisema.

"Ningekuwa nimeshindwa kujinyoa mwenyewe ingekuwa nafuu," nikamjibu. "Huyu ni mke."

"Basi kinyozi hamnyoi hata mkewe."

Kesho yake, Alhamisi, nilifungua kibanda mapema nikatafuta. Ndani kuna rafu ya viatu vinavyosubiri wenyewe, na chini ya rafu kuna gunia la viatu vilivyokataliwa na wenyewe. Rafuni havikuwapo. Nikamwaga gunia. Vilikuwa chini kabisa, vimefungwa pamoja kwa kamba zake, katikati ya soksi ya mtu nisiyemjua na kisigino cha bibi arusi mmoja ambaye siku hizi ana binti sekondari.

Nikavipangusa. Nilitaka kupiga gundi haraka, niendelee na kazi. Nikavigeuza, kama ninavyogeuza vyote.

Cha kushoto kilikuwa karibu kizima. Cha kulia kilikuwa kimelika mbele, pale vidole vinapokaa, soli imekuwa nyembamba kama kadi. Na kwenye ule wembamba kulikuwa na mistari iliyokatana kama wavu, imezama, haikutoka hata nilipoisugua kwa brashi. Visigino vilikuwa havijaguswa.

Nilikitazama kama kiatu cha mgeni, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu huyu hatembei, nikajiambia. Huyu anakaa mahali pamoja, anakanyaga chuma kwa mguu mmoja, kutwa nzima, siku zote za wiki. Kwa kulika huku, huyu anafanya kazi kuliko mimi.

Ndipo nikamkumbuka mwenye kiatu. Ule wavu ni chuma cha kanyagio la cherehani.

Si kwamba nilikuwa sijui. Nalala chumba kimoja na cherehani hiyo. Mke wangu anashona sare za shule mbili za mtaani kwetu, na mwezi wa kufungua shule wazazi hukaa kwenye kitanda changu wakisubiri. Lakini mimi nilikuwa naita "vishono vyako". Wateja wangu walikuwa wanahama, kwa hiyo niliona wateja wote wa dunia wanahama. Shule hazihami. Hakuna karatasi yenye mhuri kwenye lango la shule. Na mimi cherehani nimeiandika pamoja na masufuria.

Nikakaa na kile kiatu mapajani mpaka Karani akaja. Alikuwa ameshuka kwenye basi asubuhi ile, viatu vyekundu hadi kwenye kamba.

"Nivipate saa sita, fundi. Kesho narudi kule."

"Leo kuna mtu mbele yako."

Akaangalia kulia na kushoto. Hakukuwa na mtu. "Nani?"

"Mke wangu."

"Ana upendeleo?"

"Ana miezi minane kwenye foleni."

Karani akaketi kwenye kigoda akaanza kucheka taratibu, na hakuacha. "Sasa naelewa kwa nini viatu vyangu havijawahi kukaa siku mbili," alisema. "Sikukuoa."

Nikamwacha acheke. Ile soli kuukuu niliibandua yote. Nikakata mpya kwenye raba nene niliyokuwa nimewawekea wakubwa wa ghorofa ya tatu, na chini ya vidole vya mguu wa kulia nikaongeza safu ya pili, nikashona kwa uzi wa nta pande zote. Gundi peke yake isingehimili lile kanyagio. Kazi ilinichukua hadi alasiri. Karani aliondoka na ndala zangu, vyake nikamwahidi kesho asubuhi.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu. Nikaviweka mbele ya mke wangu, pembeni ya vitambaa vya bluu. Hakuvijaribu kwa kutembea kama watu wengine. Alivaa cha kulia akakanyaga. Cherehani ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Akainama akapapasa ile safu ya pili.

"Umeona," alisema.

"Nimeona. Nimechelewa."

"Miezi minane."

"Zaidi."

Nikatoa kile kifuniko cha boksi nikamgeuzia upande mweupe, nikampa na kalamu. "Andika ya kwako."

Alifikiri kidogo, kisha akaandika bila kufuta, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Kule kuna shule, au kuna kibao tu cha shule? Inafunguliwa lini, na nani ana zabuni ya sare? Madirisha ya nyumba za wafanyakazi yana mapazia? Halafu akavuta droo ya cherehani akatoa futi yake ya kupimia, akaitumbukiza kwenye mkoba wa safari. Ule mkoba ulikuwa umeshapangwa. Ndani mlikuwa na kitenge, taulo, na chupa ya maji. Sikuuliza ulipangwa lini.

"Kama hakuna shule," alisema, "hatuhami mwezi wa sita. Tunasubiri hadi iwepo, na wewe utashona buti za mlinzi. Tumekubaliana?"

Nikalitazama lile lango la wizara akilini, limefungwa kwa mnyororo, na mimi mbele yake na nyundo.

"Tumekubaliana."

"Sema kwa sauti, Breki asije akasema hakusikia."

"Breki hayupo."

"Utamwambia."

Jumamosi alfajiri lori likapiga honi. Mke wangu alipanda kwanza akachukua kiti cha dirishani, miguu mbele, viatu vinang'aa. Mimi nikafuata ili nimpite nikae katikati, nikainua mguu hadi kwenye kidaraja cha lori, soli ya kiatu changu cha kushoto haikuinuka nacho. Ilikuwa imeachia mbele na inaning'inia kama ulimi wa mbwa.

Sote watatu tuliitazama.

"Fundi," mke wangu alisema, "hivyo unavipeleka mji mkuu?"

Breki akakagua vioo, akakanyaga breki mara mbili kama kawaida yake, akaondoa gari.

"Shemeji," alisema, "tukifika kule, ukiulizwa, sema wewe ni mbeba mkoba wa fundi cherehani."