Sauti ya Fisi Makombo

Kitu cha kwanza kumtia Namalwa shaka kilikuwa mdomo wa bintiye.

Walikuwa wameketi katika ukumbi wa sinema huko Westlands, Jumamosi saa nane mchana, yeye na Ivyne wa miaka minane. Tiketi hazikuwa zao. Kaluki, mteja wake wa siku nyingi pale Kenyatta Market Namalwa alipokuwa akisukia watu nywele, alikuwa amewanunulia wanawe, kisha wote wawili wakashikwa na tetekuwanga. "Peleka msichana wako, si zitaharibika tu," Kaluki alimwambia. Namalwa hakuwa na haja na filamu ya wanyama wanaoongea. Aliomba ruhusa ya nusu siku akiwaza tu usingizi wa saa mbili kwenye kiti laini.

Filamu yenyewe ilikuwa imetengenezwa hapa hapa Nairobi, kwa Kiswahili. Ilimhusu fisi mmoja aitwaye Makombo, aliyejitolea kuwachunga watoto wa swara, na porini hakukuwa na mnyama aliyemwamini. Watoto walianza kumcheka tangu alipotokea, kwa jinsi alivyoburura makalio. Ivyne hakucheka pamoja nao. Ivyne alicheka kabla yao. Kila Makombo alipotaka kusema, mdomo wa Ivyne ulikuwa umeshafunguka, ukinong'ona gizani: "Mimi sili watoto, mimi nina vidonda vya tumbo." Mara fisi naye akasema, "Mimi sili watoto, mimi nina vidonda vya tumbo," na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Namalwa alimwinamia. "Umeshawahi kuiona hii?"

"Hapana, Mum."

"Sasa umejuaje atasema hivyo?"

Ivyne alijaza popkoni mdomoni. "Nimebahatisha tu."

Usingizi ukamtoka Namalwa. Akaacha kutazama picha, akasikiliza. Sauti ya yule fisi ilianza kwa mkwaruzo na kuishia kwa wembamba, kama mtu anayeomba ruhusa. Sauti hiyo hiyo ilikuwa imemwuliza asubuhi, chumbani mwao Kangemi, iko wapi soksi ya pili.

Alijaribu kujikanya. Watu wanafanana sura, seuze sauti. Tena mumewe, Zedekiah Obuya, alikuwa fundi wa makochi, na muda huo alikuwa kibandani kwake kando ya barabara akishindilia sponji. Zaidi ya hayo, Obuya alikuwa ameapa. Miaka miwili iliyopita alikuwa na kikundi cha maigizo kilichompotezea siku baada ya siku, hadi Namalwa akamwita kaka yake Were, na Obuya akaweka mkono juu ya Biblia ya Were akasema maigizo basi.

Ndipo ikaja ile sehemu ya mlango. Makombo alirudi nyumbani usiku, akamkuta mkewe amesukuma jiwe kwenye mdomo wa pango. Mama fisi akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kike nzito na tamu: "Wenzako wanarudi na mifupa. Wewe unarudi na kicheko tu."

Wakubwa ndio waliocheka zaidi. Baba mmoja mnene kiti cha mbele alimpiga mkewe kikumbo.

Namalwa alihisi masikio yakimchoma. Maneno hayo yalikuwa yake. Alikuwa ameyasema akiwa amefunga mlango wa mabati kwa komeo, Obuya akiwa nje na makaratasi yake ya mchezo: "Wenzako wanarudi na unga. Wewe unarudi na sauti tu." Hakukuwa na jirani aliyesikia. Alitazama huku na huku gizani, kana kwamba kuna aliyemjua. Wanamcheka nani hawa? Na huyo mwanamke mwenye sauti tamu, aliyeambiwa maneno ya nyumbani kwake hadi akayashika, ni nani, na aliambiwa wapi?

Kwenye picha, fisi alikaa chini mbele ya jiwe. Siku ile Obuya hakuwa amejibu kitu. Fisi alijibu. "Hata mimi hiki kicheko kinanichosha," alisema polepole. "Lakini nikikiacha hapa nje, atakayeingia humo ndani si mimi."

Watoto walinyamaza kwa sababu wakubwa walikuwa wamenyamaza. Baba mnene alivua miwani akaipangusa kwa shati, akakaa nayo mkononi.

Filamu ilipokwisha, watu walisimama kuokota sweta na chupa. Namalwa hakusimama. Majina yalipanda, mengi, kwa herufi ndogo, hadi akaliona: Makombo, Zedekiah Obuya. Jina kamili, bila hata aibu ya kujificha.

"Mum, twende," Ivyne alisema, bila kumtazama usoni.

Walipofika Kangemi, Namalwa alimwacha mtoto kwa jirani yao Peres, akaenda moja kwa moja kibandani. Obuya alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la rangi ya maziwa, misumari midogo imemjaa kati ya midomo.

"Baba Ivyne, fisi anaitwa nani?"

Obuya aliitoa misumari mmoja mmoja, akaipanga kwenye kiganja, kwa utaratibu uliozidi kumkasirisha.

"Mmeenda kuiona?"

"Nimekuuliza."

"Makombo."

"Huyo mama fisi naye?"

"Anaitwa Prabha. Mwalimu mstaafu wa pale Parklands. Ana wajukuu sita, na tukirekodi anakuja na chai yake kwa chupa." Alimtazama. "Kama ndiyo hofu yako."

"Hofu zangu ni nyingi, usinichagulie. Uliapa."

"Niliapa."

"Na mtoto ukamfundisha kunidanganya."

Hapo Obuya aliinamisha kichwa. "Sikumwambia adanganye. Jumamosi ukiwa kazini alikuwa ananishikia karatasi. Mimi nasoma fisi, yeye ananisomea mkewe. Nikamwambia tutamwambia Mum ikiisha. Ikaisha, nikaogopa."

Namalwa aliketi kwenye mkono wa kochi la watu. "Kwa hivyo mtoto ndiye alikuwa mimi," alisema. "Anasimama hapo nyumbani kwangu akisema yale maneno."

"Alikuwa hajui ni yako. Mwandishi aliniuliza mke angesema nini, ikanitoka."

"Kwa nini fisi? Si ungekuja unijibu mimi?"

"Siku ile sikuwa na jibu. Nililipata nikiwa ndani ya kile chumba cha kurekodi, nimevaa vile vitu vya masikioni, hakuna anayeniona. Ningekuja na maneno hayo hapa tungegombana hadi asubuhi. Fisi watu wanamsikiliza kwanza."

Alitaka kusema hapana. Lakini alimkumbuka baba mnene na miwani yake, na ukumbi ulivyonyamaza, na yeye mwenyewe jinsi alivyomhurumia fisi kabla ya kukumbuka kwamba mwenye kufunga mlango alikuwa yeye. Jambo hilo lilimuudhi kuliko kiapo.

"Ulinifanya nicheke," alisema. "Mwanzoni. Ile ya vidonda vya tumbo." Alisema kama anayelalamika.

Obuya hakuthubutu kutabasamu.

Jumapili baada ya kanisa, walimwalika Were. Obuya alimweleza mwenyewe. Were alikasirika sana. Alisema kiapo ni kiapo, hakijali kama aliyekivunja alikuwa mtu au fisi, akaondoka akiacha chai nusu. Namalwa alimfuata hadi kwenye mtaro wa maji machafu nje ya ploti.

"Kaka, kile kiapo nilikidai mimi. Nimekiachilia."

"Amekuroga na wanyama wake?"

"Makochi anashona, na hajalala njaa mtu. Nimekiachilia, basi."

Were alitikisa kichwa akaenda zake. Zilipita wiki tano kabla hajawapigia simu.

Ivyne alilia alipoambiwa kwamba katika nyumba hii hakuna siri ya watu wawili kati ya watatu. Halafu akauliza kama sasa anaweza kusoma mama fisi kwa sauti kubwa. Akaruhusiwa.

Namalwa naye alibaki na jicho la kumchunga mumewe. Jioni moja walikuwa wakila ugali na sukuma, naye akawa anasimulia jinsi mteja mmoja alivyosinzia kitini, akaota anagombana na mama mkwe, akampiga teke msusi wa meza ya pili. Obuya aliacha kutafuna. Macho yake yalikuwa yametulia mahali fulani juu ya sahani.

Namalwa alinyamaza katikati ya sentensi.

"Hiyo usichukue," alisema.

"Sijachukua."

"Nakuona."

"Hata mteja akigeuzwa kiboko?"

Namalwa alimeza tonge, akafikiri. Mteja mwenyewe hakuwa mwembamba.

"Kwa kiboko, sawa," alisema hatimaye. "Lakini msusi asiwe mimi."