Bakuli la Nanjala

"Maji yametikisika!"

Sauti ya Nanjala ilipenya ukuta wa udongo, nami nikaganda, nyundo ikiwa hewani. Hatua saba tu zilitenganisha nyumba yake na lile tangi la saruji lililosimama juu ya miguu minne. Ilikuwa mwaka 1964, Busia, upande wa Uganda. Kiwanda cha pamba kilishakufa, tangi lake likapasuka na kuinamia nyumba ya Nanjala. Mvua ikilainisha ardhi, lingemwangukia, na mawingu ya masika yalishajikusanya.

Nilitoka machimbo ya mawe ya Tororo, ambako nilisifika kwa baruti, nikaitwa kuliangusha tangi. Niliringa, sifichi. Siku ya kwanza nilibisha hodi nikataka wote wahame hadi jioni.

Mama mkwe wa Nanjala, Benedeta, alinipima kwa macho. "Amezaa mapacha. Hatoki mpaka watu wa kwao waje na ngoma kumfungulia mlango. Wiki ijayo."

"Mama, mvua haitangoja."

"Basi tafuta njia, fundi. Nyundo unayo."

Mimi mwenyewe Msamia kama wao. Nilijua hakuna atakayethubutu kumvusha kizingiti kile. Nikairudisha baruti sandukuni, vibarua wakinicheka chinichini.

Tulichimba handaki la kumeza mtikisiko, tukaegemeza magunia ya majani ya migomba ukutani kwake. Kamba nene zikalishika tangi kutoka upande wa barabara. Kisha nikatoboa miguu miwili ya upande huohuo kwa tindo, nikapachika kabari za mti mkavu na kuzimwagia maji. Mti ukinywa maji huvimba, saruji huachia taratibu. Ndani, Nanjala aliweka bakuli la maji chini karibu na ukuta. Likitikisika anapaza sauti, nami napunguza nguvu. Sikuwahi kusimamiwa vikali namna ile.

Siku ya nne, Okochi, kibarua wa kamba, alitega sikio. "Fundi, mguu hii nalia."

"Vuteni!"

Tangi likasita. Niliomba Mungu, mimi ninayeonekana kanisani Krismasi tu. Kisha likageuka, likalala barabarani kwa kishindo. Vumbi likatufunika.

"Nanjala!"

Nikakimbilia ukutani.

"Nanjala!"

"Ngoja, fundi, nanyonyesha." Kisha akaita: "Yamecheza sana. Lakini hayakumwagika."

Okochi akacheka. Mimi nililia mbele ya vibarua walewale, wala sikujali.

Baruti niliirudia, ndiyo kazi yangu. Ila tangu siku ile sijawasha utambi kabla ya kuuliza nani yumo ndani.

Wiki iliyofuata ngoma zilikuja. Nanjala akatoka akifinya macho kwa jua, Benedeta nyuma yake na watoto wawili kifuani. Nanjala aliwapita waimbaji wote hadi niliposimama, akanipa lile bakuli kwa mikono miwili.

"Kunywa."

Yalikuwa maji yaleyale, yamelala siku nyingi, yana vumbi la saruji na sisimizi mmoja. Niliyamaliza.