Sheria ya Waziri

Wenzake walimwita Waziri kwa sababu ndiye aliyeanzisha klabu ya mazingira pale shuleni, na kwa sababu alipenda kutunga sheria kuliko kula. Sheria yake kubwa ilikuwa hii: kila mwanachama ana mche wake kando ya ukuta wa nyuma, na mche wa mtu ukifa, mwenyewe anatoka klabuni. Rufaa hakuna. Mwalimu mlezi wa klabu alimwuliza, "Mwanangu, hiyo si kali mno?" Akajibu kwamba bila ukali watu hulala. Ukaguzi ungekuwa Ijumaa, na mkaguzi ni yeye.

Jumatatu asubuhi alikwenda na kopo lake kumwagilia mchungwa wake, akakuta mpera. Alifikicha jani, akanusa. Mpera kabisa. Kijiti chake cha alama, chenye utepe mwekundu, kilikuwa palepale alipokichomeka. Alisimama hapo mpaka kengele ikalia, maji hajayamwaga.

Jioni alimfuata mama yake jikoni. "Mama, mti unaweza kugeuka?"

"Kugeuka vipi?"

"Ijumaa mchungwa, leo mpera."

Mama aliacha kupepeta mchele, akamgusa paji la uso. "Homa huna," alisema. "Nenda kalale tu."

Jumatano ukawa mchungwa tena, ila mfupi kuliko ule wa mwanzo, kana kwamba umerudi utotoni. Alhamisi ukawa mpapai. Maskini Waziri, alianza hata kushuku macho yake. Kila mwanachama aliyemwuliza alitazama viatu. "Labda ni udongo," alisema rafiki yake wa dawati moja. "Udongo wa huku una mambo yake."

Ijumaa aliwahi kuliko wote. Kwenye kijiti chake mpapai ulikuwa umekauka, umeinama mpaka chini. Klabu aliyoizaa mwenyewe ingemtoa leo, kwa sheria yake mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Pembeni, kwenye kijiti cha rafiki yake, palisimama mchungwa wenye kovu kwenye shina. Kovu lile alilijua. Alilitia yeye kwa ukucha siku ya kupanda. Alitazama huku na huku, akainama, akavuta. Mche haukushika hata kidogo. Ulitoka kirahisi, mizizi imekatikakatika, mche uliokwisha kung'olewa na kupandikizwa mara nyingi.

"Na wewe pia?"

Rafiki yake alikuwa nyuma yake, kopo mkononi. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata mwenzake.

Saa ya ukaguzi Waziri alisimama mbele ya wanachama, mwalimu mlezi akiwa pembeni. "Wangu umekufa," alisema. "Natoka."

Rafiki yake akasema, "Wangu ulikufa wiki iliyopita. Nikachukua wako."

"Mimi nilichukua wa huyu," akasema mwingine, akionyesha jirani yake. Jirani naye akaonyesha aliyemfuata, na vidole vikaenda hivyo mpaka mwisho wa ukuta.

Mwalimu mlezi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliwatazama wote kwa zamu, hajui acheke au agombe.

"Haya," alisema taratibu. "Anayestahili kubaki klabuni anyooshe mkono."

Waziri alisubiri angalau mkono mmoja. Haukutokea.