Mikono ya Saa Nane Mchana

Shuka la mia na ishirini lilipochomoza upande wa pili wa roli, mashine ya kupigia pasi, likiwa moto kama mkate, Kifimbo alidaka pembe mbili na Shangazi akadaka mbili. Wakasogeleana kama watu wanaotaka kukumbatiana, kisha wakaghairi. Kunja, geuza, kunja, weka. Shuka jingine lilikuwa limeshatoa kichwa, maana roli haina adabu ya kusubiri mtu avute pumzi.

"Shangazi, leo una kasi kama umekopa miguu," Kifimbo alisema.

"Miguu ni yangu. Mikono ndiyo nimeazima."

Kiwanda kizima cha kufua kilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa mtoto wa kaka yake. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kumi na saba kati ya hiyo aliimaliza amesimama mbele ya roli ile, akivuta mashuka ya hoteli ambazo yeye hajawahi kulala hata kwenye mazulia yake. Kifimbo alipewa jina kwa sababu ya umbo. Feni ikiwashwa, wenzake walimshauri ashike nguzo.

Mwaka mmoja sasa vidole vya Shangazi vilikuwa vinaamka baada yake. Yeye akiamka saa kumi alfajiri, vidole vinaendelea kulala, vimevimba kwenye vifundo, vimekakamaa kama vya sanamu. Kufungua mfuniko wa ndoo ilikuwa kesi ya kuita mashahidi. Dawa yake aliijua: beseni la maji ya moto mpaka ngozi iwe nyekundu, halafu vidonge viwili vya kutuliza, vile ambavyo muuza duka la dawa pale njiani huviita "vile vyako" na kuvitoa bila kuuliza cheti cha daktari. Ikifika saa moja, mikono inakubali kwenda kazini, japo kwa kununa.

Na leo, siku aliyoisubiri miezi minne, siku ya kuonana kwa mara ya kwanza na daktari wa viungo, alimeza vitatu. Akachovya mikono muda mrefu kuliko kawaida, akakata kucha, akapaka mafuta. Mtu aliyezeeka kwenye pasi hawezi kwenda mbele za watu na makunyanzi. Kitindamimba wake, binti aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, alimtazama akijipaka mafuta akasema, "Mama, unakwenda kuchumbiwa?"

"Nakwenda kukaguliwa. Nyumba hufagiliwa kabla ya mgeni."

Hakuna aliyemwambia kwamba mgeni huyu alikuwa anakuja kuangalia vumbi.

Saa sita na nusu Bwana Zamu, msimamizi, alitokea kwenye kona akiwa na karatasi. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na upole wake ndio uliowatisha watu. Hakuwahi kumfokea mtu. Alimwonyesha mstari kwenye kanuni kisha akampa pole.

"Shangazi, fomu yako hii ya kuhamia kazi nyepesi. Daktari aijaze, apige muhuri. Naitaka leo kabla ya kufunga."

"Na meza ya foronya?"

"Meza ipo mpaka leo jioni. Kesho makao makuu wanaleta mtu."

Meza ya foronya ilikuwa peponi kwenye kona, pembeni ya dirisha. Pale mtu anakunja foronya akiwa amekaa, hakuna moto, hakuna kuvuta. Aliyekuwa akiikalia alikwenda kujifungua na hakurudi. Kwa Shangazi haikuwa suala la starehe. Lengo kwenye roli lilikuwa mashuka mia tatu na hamsini kwa zamu, na asiyelifikia wiki tatu mfululizo hupewa barua iliyoandikwa vizuri sana ya kumtakia heri aendako. Wiki mbili zilikuwa zimeshapita. Aipate meza, au apate barua.

"Nenda, nitavuta na huyu mpya," Kifimbo alimwambia. "Na huko usiwe mpole mno, Shangazi. Ukiulizwa unaumwa wapi, usianze na 'sijambo'."

Kliniki ya viungo ilifunguliwa mara moja kwa wiki, saa nane mchana, kwenye korido iliyokuwa na mabenchi mawili na wagonjwa arobaini na watatu. Watu wa magoti walikuwa wamesimama, kwa sababu watu wa viuno walikuwa wamekaa na hawakuweza kuinuka. Karani wa mapokezi alichukua barua ya rufaa ya Shangazi bila kuinua macho.

"Umekuja na orodha ya dawa unazotumia?"

Binti alikuwa ameandika kila kitu kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa mtihani: maumivu yalianza lini, vidole vipi, nani katika ukoo aliwahi kuumwa hivyo. Mstari wa mwisho ulisema: *Vidonge vya dukani, viwili kila asubuhi.* Shangazi aliukunja mstari ule kwa nyuma, kama anavyokunja ncha ya shuka yenye doa. Vidonge visivyo na cheti si jambo la kumtangazia mtu mwenye muhuri.

"Dawa hakuna," alisema.

Karani akaandika: *Hakuna.*

Zamu yake ilifika saa kumi kasoro robo. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, macho mekundu ya usingizi, miwani ameipandisha juu ya kichwa na huku anaitafuta mezani.

"Karibu, mama. Hujambo?"

"Sijambo, daktari," Shangazi akajibu, na papo hapo akamkumbuka Kifimbo.

Lakini daktari yule hakuwa wa kubabaishwa na salamu. Aliisoma barua ya rufaa, akaisoma karatasi ya binti, akasema aliyeiandika aletwe awe karani wake. Akamwomba akunje ngumi, akunjue, akunje tena. Akabana vifundo kimoja kimoja kwa kidole gumba, taratibu, akimtazama usoni badala ya kutazama mkono. Akageuza viwiko, akamchuchumalisha na kumwinua, akabonyeza nyayo. Akauliza kama macho yanakauka, kama anachoka bila sababu, kama usiku maumivu humwamsha. Kwa mwaka mzima watu walimuuliza Shangazi amemwagia nani maji ya moto mpaka akamlaani. Huyu alikuwa wa kwanza kuuliza kuhusu macho.

"Asubuhi mikono inakaza?"

"Inakaza."

"Kwa muda gani mpaka ilegee?"

Shangazi aliitazama mikono yake. Hakuwahi kuiacha ilegee yenyewe. Alikuwa akiilegeza kwa nguvu, kama mtu anayefungua mlango kwa teke na hajui kama ungefunguka wenyewe.

"Sijui, daktari."

Daktari alivua miwani aliyokuwa hatimaye ameivaa. "Mama, barua hii inasema vifundo vimevimba pande zote mbili. Mimi leo naona mikono ya mtu anayekwenda harusini. Uvimbe wote umekwenda wapi?"

Nje mtu alikohoa na benchi likalia. Shangazi alitoa mkono mfukoni, akaweka mezani kipande cha pakiti ya vidonge kilichobaki, akaikunjua na ile ncha ya karatasi. Masikio yalimwaka kama ametolewa kwenye roli.

"Leo nilimeza vitatu. Nilitaka nije nikiwa mtu. Nyumba hufagiliwa kabla ya mgeni."

Daktari hakucheka na hakufoka. Alikigeuza kile kipande, akasoma nyuma yake. "Hivi hupunguza maumivu na kushusha uvimbe kwa saa chache. Havitibu kinachouleta, na vikizidi vinatoboa tumbo. Umevitumia mwaka mzima?"

"Bila hivyo sifiki kazini."

"Naelewa. Lakini umeniletea nyumba iliyofagiliwa, mama. Na mimi kazi yangu ni uchafu."

Akaandika haraka: vipimo vya damu, eksirei ya mikono na nyayo, miadi ya pili baada ya wiki sita. Siku hiyo aje bila kumeza chochote asubuhi. Kabla ya hapo, awe na asubuhi moja ya kuiacha mikono kama ilivyo, aipige picha, ahesabu dakika kwa saa. "Saa ile ndiyo itakayoniambia zaidi kuliko mimi kukubana. Ningependa nikuone alfajiri, lakini hii korido naazimwa saa nane tu."

Ndipo Shangazi akatoa fomu ya Bwana Zamu.

Ilikuwa na swali moja. *Je, siku ya uchunguzi mgonjwa ana uvimbe wa viungo unaoonekana?* Visanduku viwili: *Ndiyo. Hapana.*

Daktari aliishikilia kalamu juu ya karatasi muda mrefu kuliko alioutumia kwa goti zima la mgonjwa aliyetangulia. "Siwezi kuandika ambacho sijakiona," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Akatia alama kwenye *Hapana*. Kisha akaanza kuandika pembezoni, herufi ndogondogo, akapanda juu, akageuza karatasi, akaendelea: kwamba maumivu yapo, kwamba dawa imeficha dalili, kwamba uchunguzi unaendelea, kwamba mgonjwa aondolewe kwenye kazi ya kuvuta na kubana. Akapiga muhuri mara mbili, kana kwamba wa pili ungesaidia.

Bwana Zamu aliisoma saa kumi na moja na robo, amesimama karibu na mlango wa stoo. Alisoma kwa makini. Alimpa hata kiti.

"Hapana," alisema.

"Soma pembeni."

"Nimeona ameandika pembeni. Mwandiko mzuri. Lakini Shangazi, mimi napeleka visanduku. Makao makuu hawana mahali pa kuingiza pembeni."

"Kwa hiyo daktari kaandika ukurasa mzima bure?"

"Si bure. Tutaiweka kwenye faili." Akamwangalia mikono, akatabasamu kwa nia njema kabisa. "Na kwa kweli, afadhali. Mikono inaonekana safi. Pole, na hongera."

Shangazi aliangalia mikono yake inayong'aa mafuta. Ilikuwa imetoa ushahidi, tena mbele ya mtu mwenye muhuri, dhidi ya mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata hakuchemsha maji. Binti alimvisha, akamfunga vifungo vya koti la kazi kimoja kimoja, akampiga picha mikono chini ya taa. Vidonge vilibaki juu ya kabati.

Alifika kiwandani saa moja kamili, pamoja na wengine wote. Roli ilikuwa imeshapata moto. Kifimbo alikuwa upande wake tayari, shuka la kwanza limetoa kichwa. Shangazi akavuta kigoda kwa mguu, akakaa mbele ya mashine, akaweka mikono yote miwili mapajani, vifundo juu, vimevimba na kung'aa kama vitunguu, akainua uso kutazama saa ya ukutani.

Shuka la kwanza lilianguka sakafuni. La pili likalifuata. Kifimbo alitazama mikono ile. Aliachia pembe alizoshika.

Bwana Zamu alikuja bila haraka, akasimama, akaisafisha sauti yake ya upole. "Shangazi. Zamu imeanza."

"Najua. Mimi nimefika. Mikono iko njiani."

"Sijakuelewa."

"Daktari ameniuliza inachukua muda gani mpaka ilegee. Mwaka mzima namdanganya kila mtu, hata wewe, nikakudanganya jana. Leo nahesabu."

Bwana Zamu alitazama mikono, na wote waliokuwa karibu walimwona akiitazama. Hakukuwa na kanuni ya jambo lile, na bila kanuni alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye karatasi mkononi.

"Unajua hii ni wiki ya tatu," alisema mwishowe.

"Najua."

"Nitalazimika kuandika."

"Andika. Hata pembeni, ukipenda."

Aliondoka kwenda ofisini. Roli iliendelea kutema mashuka, yakirundikana sakafuni yakiwa na makunyanzi yao yote, na hakuna aliyeinama kuyaokota. Kifimbo alitoa kalamu nyuma ya sikio, akageuza karatasi ya hesabu ya mashuka upande usioandikwa.

"Tumefika dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi na tisa, juu ya saa tatu tangu niamke," Shangazi alisema, akajaribu kukunja kidole kimoja. Kilikataa. "Bado."